Kwa Herufi Ndogo

Siku hizi Orrin Mapp anatajwa kwa zile sahani za mwisho,
zenye fidla arobaini na picha ya bahari jaladani,
yeye kavaa suti nyeupe, anatazama mbali kama mwenye deni.
Sizitukani. Mwenye kupenda vinono na ale.
Mimi nirudishieni zile tatu za kwanza,
zilizotoka hapa hapa Cleveland, majalada rangi ya karatasi ya bucha,
wakati piano yenyewe ilikuwa ya kukodi
na kibonyezo kimoja kikikwama kila baridi ikizidi.

Nilizijua kwa vidole kabla ya masikio.
Nilikuwa kiwandani, zamu ya usiku.
Katika kila sahani mia, chukua moja,
vaa visikizio, teremsha sindano, tafuta kosa:
mkwaruzo, kishimo, mvumo wa mashine.
Kosa likipatikana, mia nzima inarudi kuyeyushwa.
Nililipwa nisikie, si nisikilize.

Ya kwanza ilipita mikononi mwangu hivi hivi.
Mapp ana miaka ishirini na miwili, ana haraka,
anajibu kabla swali halijaisha.
Nyuma yake Elbert Stovall na burashi zake,
kama mtu anayefagia ukumbi wenzake wangali wanacheza:
hamfukuzi mtu,
anakumbusha tu kwamba kuna kesho.

Ya pili ndiyo.
Upande wa pili, wimbo wa tatu, dakika ya nne haijatimia:

tk.

Uzi mnene wa besi umekatika.
Lucius Teague hakusimama. Alibaki na nyuzi tatu
akazipanda kama ngazi yenye kipago kilichovunjika,
gizani, na juu kuna mgonjwa anaita.
Na hapo ndipo mkono wa kushoto wa Mapp,
uliokuwa ukirandaranda kwa mashauzi,
ulishuka chini kabisa, pale uzi ulipokuwa,
ukamshikia mwenzake nafasi
mizunguko minane, bila kutangaza.
Stovall akapunguza burashi hadi zikawa pumzi.
Figa moja haliinjiki chungu, tunajua;
lakini nani alishawahi kusikia figa likiteleza
na mawili yakasogea,
na mchuzi usimwagike hata tone?

Kadi ya ukaguzi ilikuwa na visanduku viwili.
Msimamizi, Bwana Hruska, akapita na kikombe chake:
"Vipi hiyo, Verlene?"
Nikasema, safi.
Sijawahi kudanganya kazini kabla wala baada,
na mpaka leo sina hakika kama nilidanganya.

Ya tatu ina Hosea Pruitt na saksofoni,
zamu moja tu, sekunde arobaini,
jina lake limekosewa jaladani na halikusahihishwa kamwe.
Anaingia kama mgeni aliyekosea mlango
akakuta chakula mezani, akaketi.
Kisha Mapp akaitwa New York. Wengine hawakuitwa.
Stovall akaenda posta kupanga barua.
Pruitt sijui. Nimeuliza.
Mcheza kwao hutunzwa, wanasema;
basi hawa kwao kulikuwa wapi?

Miaka kumi na minne baadaye, kliniki, foleni ya macho,
muuguzi akaita: Teague, Lucius.
Mzee mrefu, koti la dereva wa gari la mikate.
Nikamngoja hadi akatoka na matone yakimchuruzika shavuni.
Nikamweleza yote: visikizio, ile tk, kisanduku.
Nilidhani atalia, au atanishukuru,
au atauliza kama wengine walisikia.

Akafuta jicho kwa kiganja, akafikiri.
"Uzi ule," akasema,
"niliazima kwa Hosea; alikuwa na mjomba mpiga besi.
Sijamrudishia."
Akanitazama kwa jicho moja, lile lililokuwa wazi.
"Ukimwona," akasema, "usimwambie ulikatika."